Vyuo na viwanda Mwanza: wanafunzi wanakuja kupima moshi wetu, majibu yanaishia wapi?

#1 FundiBaridi
Mwangaluka wakuu.

Nafanya kazi ya ubaridi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Jina la kiwanda msiniulize, nina watoto wanasoma.

Mwaka juzi walikuja vijana watatu wa chuo. Wana barua, wana dodoso, wana kipimo cha umeme cha klampu cha kuazima. Wakasema wanatafiti namna viwanda vya Kanda ya Ziwa vinavyoweza kupunguza hewa ya ukaa. Bosi akanikabidhi niwatembeze, nikawatembeza siku nne. Tukapima kompresa moja moja. Dizeli ya jenereta tukaihesabu kutoka kwenye daftari la mlinzi, maana ndiye anayeandika kila pipa linapoingia getini.

Tukafika chumba cha baridi namba 3. Mpira wa mlango umechanika chini, kona ya kushoto, viganja viwili vinapita. Kwenye kizingiti barafu imejijenga kama kichuguu, ukiingia na toroli lazima uinyanyue. Binti mmoja kati yao akachana karatasi kwenye daftari lake, akaishika pale penye upenyo. Karatasi ikasukumwa nje, ikawa inapepea. Akaniuliza, "Kaka, inapita hivi usiku kucha?" Nikamjibu, inapita hivi tangu uchaguzi uliopita.

Wakaandika, wakashukuru, wakaondoka. Mpaka leo sijaona hata ukurasa mmoja. Nilimpigia kijana mmoja wao, akasema ameshahitimu, ripoti iko maktaba.

Nasikia wenzetu huko nje chuo na kiwanda wanakaa meza moja, moshi wa mkoa mzima unapungua. Sisi tunakwama wapi? Chuo, kiwanda, au sisi mafundi?

Nawasilisha.

#2 Kigoto_Moja
Tatizo ni wewe mkuu. Mpira umechanika tangu uchaguzi, na fundi yupo 😂

#3 FundiBaridi
Kigoto, ombi la mpira nimeandika mara tatu. Mita sita tu. Manunuzi wanasema haumo kwenye bajeti ya robo hii. Ila dizeli haijawahi kukosa bajeti hata siku moja.

#4 Mhadhiri_Mchovu
Nitasema ya upande wetu, mnisamehe mapema.

Mhadhiri hapandi cheo kwa kuziba mlango wa kiwanda. Anapanda kwa machapisho. Nikitumia miezi sita kuhangaika na mpira wa chumba namba 3, mwisho wa mwaka kwenye fomu ya tathmini hakuna kisanduku cha kuandika "mpira umezibwa". Mwenzangu aliyekaa ofisini akaandika makala mbili kuhusu "vikwazo vya teknolojia safi" bila kukanyaga getini kwenu, huyo ndiye anapanda.

Pili, mlango wa kiwanda haufunguki kirahisi. Mimi nimewahi kuandika barua viwanda vitano. Vitatu havikujibu. Kimoja kilitaka nisaini karatasi kwamba sitachapisha chochote. Cha tano walinikaribisha, wakanipa soda, wakanionyesha miti waliyopanda getini.

#5 Nyamagana_Mjini
Mwanza tuna vyuo vya biashara, ualimu na udaktari. Hakuna chuo cha uhandisi. Sasa ushirikiano wa nini? Mhasibu atapunguza moshi?

#6 Mhadhiri_Mchovu
Nyamagana, hapo umeteleza. Chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe wamekuwa wakifundisha uhandisi wa ujenzi na wa umeme. DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, wana kampasi hapa hapa Mwanza, ile ya teknolojia ya ngozi. Nyegezi kuna chuo cha uvuvi cha FETA, na TAFIRI wa utafiti wa uvuvi wana kituo. Watu wapo.

Na mhasibu usimdharau. Aliyemnyima Fundi mpira ni mhasibu. Angefundishwa kusoma daftari la mlinzi, mlango ungezibwa zamani.

#7 Nyamagana_Mjini
Sawa, nimekubali ya SAUT. Ya mhasibu bado.

#8 MamaDagaa
Jamani mimi si msomi, niko Mwaloni nauza dagaa mwaka wa 19. Mnazungumzia moshi wa viwanda, wa karabai mmeusahau?

Mtumbwi wa kaka yangu ulikuwa na karabai nne. Kila moja inakula lita moja na nusu ya mafuta ya taa kwa usiku, kwenye giza siku ishirini hivi za mwezi. Watoto wa marehemu shemeji yangu walikuwa na kikohozi kisichoisha kwa ule moshi wa kuwashia. Na soksi zile za karabai, mvua ikidondoka tu imeharibika, unafunga nyingine mawimbi yanakupiga. Leo nendeni usiku mkaangalie ziwani, taa zote nyeupe, za betri na sola. Karabai utaikuta imetundikwa ukutani kama picha ya babu.

Hakuna profesa aliyekuja kutuambia. Sasa nani kapunguza huo moshi?

#9 HesabuKwanza
Mama, hesabu yako ni tamu. Karabai nne kwa lita 1.5 ni lita 6 kwa usiku, mara siku 20 ni lita 120. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua inatoa karibu kilo 2.5 za hewa ya ukaa. Mtumbwi mmoja ni kilo 300 kwa mwezi. Zidisha na mitumbwi unayoiona Igombe peke yake.

Nani kaondoa? Kodi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Ndiyo kipindi kile kila mtu alikuwa anasema "kuchakachua". Bei ikaruka, wavuvi wakaanza kutafuta mbadala. Hakuna aliyefikiria hali ya hewa.

#10 Jirani_wa_Kisumu
Habari zenu majirani. Huku kwetu hiyo hadithi ilianza mapema kidogo. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, OSRAM, ilifungua kituo cha sola pale Mbita. Mvuvi anakodi taa iliyochajiwa jioni, anairudisha asubuhi. Wengine walilalamika taa ni nzito na dhamana ni kubwa, lakini watu waliona kwamba omena, dagaa kwenu, anakuja hata kwenye taa ya betri. Hilo ndilo lilikuwa fumbo. Wazee walikuwa wanaapa omena anafuata ule mlio wa karabai.

#11 MamaDagaa
Kweli kabisa! Kaka yangu naye alikuwa anasema dagaa wanapenda sauti ya karabai 😂 Alikataa sola mwaka mzima. Siku alipoona jirani anashusha ndoo nyingi kuliko yeye, kesho yake yuko dukani.

#12 Mhadhiri_Mchovu
Hesabu, kodi ilichangia, sikatai. Lakini utafiti nao ulikuwepo. Kuna uliofanywa pamoja na wavuvi wa dagaa wa Tanzania kupima taa za LED dhidi ya karabai, ukachapishwa 2014. Na ile LED yenyewe ilitoka maabara gani? Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani walipewa Nobel mwaka huo huo wa 2014 kwa LED ya bluu, ndiyo iliyowezesha taa nyeupe. Mmoja wao, Nakamura, aliitengeneza akiwa ameajiriwa kiwandani. Chuo na kiwanda hao hapo, mama, ila walikaa mbali na Mwaloni.

#13 Kigoto_Moja
Profesa kalazimisha sifa mpaka Japani. Mimi nasema ni Mchina wa Kariakoo. Bei ya taa ilishuka, basi.

#14 Mjukuu_wa_Nansio
Wakuu, mimi ni wa Ukerewe ila naishi Swansea, Wales. Mleta uzi kagusa kitu ninachokiona kila siku, ngoja niseme kidogo. Nitakuwa mrefu.

Huku kulikuwa na mradi ulioitwa RICE, Chuo Kikuu cha Swansea pamoja na Chuo Kikuu cha South Wales. Kazi yake ilikuwa kusaidia viwanda vya eneo hili kupunguza hewa ya ukaa: kukuza mwani kwa gesi inayotoka kiwandani, kutengeneza haidrojeni, na mengine ya namna hiyo. Watafiti waliweka mitambo kiwandani kwenyewe. Kuna mradi mwingine mkubwa zaidi, SPECIFIC, ulianza 2011 chuo kikishirikiana na kampuni ya chuma ya Tata. Walijenga majengo yanayozalisha umeme wake yenyewe. Kwa hiyo Fundi, ulichosikia ni kweli.

Lakini mambo mawili hamtayasikia kwenye vipeperushi. Hela nyingi zilikuwa za mfuko wa maendeleo wa Umoja wa Ulaya. Uingereza ilipojitoa, bomba likafungwa, na wenzangu kadhaa wenye shahada ya uzamivu wakatafuta kazi kwingine. La pili, kilichopunguza hewa ya ukaa hapa kwa kishindo ni tanuri za chuma za Port Talbot kuzimwa. Ya mwisho ilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Kile kiwanda ndicho kilichokuwa kinatoa hewa ya ukaa kuliko kingine chochote Uingereza. Tata walitangaza kupunguza hadi ajira 2,800. Tanuri la umeme la badala yake limeanza kujengwa Julai 2025. Katikati hapo moshi hakuna na kazi hakuna. Jirani yangu alifanya kazi pale miaka 31. Anasema anga limekuwa safi, anaweza kuanika nguo nyeupe nje, ila hana pa kwenda akizivaa.

Kwa hiyo msituone huku tumefika.

#15 Nyamagana_Mjini
Hiyo ya nguo nyeupe imenichoma.

#16 PumbaNiMali
Nina mashine ya kukoboa mpunga njia ya Misungwi. Kila gunia la mpunga likikobolewa, karibu sehemu moja ya tano ya uzito ni pumba ngumu. Zamani tulikuwa tunazirundika nyuma tunachoma, moshi unafuka wiki nzima, majirani wanatutukana. Walikuja watu wa chuo na mashine ya kubana mkaa mbadala, wakaonyesha, wakapiga picha, wakaacha mashine. Ikafanya kazi miezi minne, skrubu ya ndani ikaliwa. Pumba zina mchanga wa silika, zinakula chuma kama msasa. Skrubu mpya ikawa ya kuagiza.

Leo sichomi pumba kabisa. Wachoma matofali wananunua kwa lori. Tena wanalipa kabla. Ule moshi mimi nimeacha, anao mwenye matofali. Sasa hapo mkoa umepunguza nini?

#17 HesabuKwanza
Pumba, mwenye matofali angetumia kuni. Kuni imebaki porini. Kwa hiyo kimepungua kitu, ila hakuna anayekiandika.

#18 Mzee_wa_Busisi
Mimi nawaambia hakuna chuo kilichopunguza moshi kama daraja la Kigongo–Busisi. Lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu na kidogo. Kabla yake tulikuwa tunasubiri kivuko, mabasi yamewasha injini, malori ya samaki yamewasha mashine za baridi, saa nzima, wakati mwingine mbili. Zidisheni huo moshi.

#19 Kigoto_Moja
Mzee, na magari yaliyoongezeka tangu daraja lifunguliwe nayo tuyazidishe au tuyaache?

#20 Mzee_wa_Busisi
Wewe mtoto mbishi. Hayo zidisha wewe.

#21 Biashara_ya_Hewa
Mnapoteza muda. Kule Wahadzabe wanalipwa mamilioni kwa hewa ya ukaa. Wilaya ya Tanganyika, Kigoma, vijiji vimejenga shule na zahanati kwa hela hiyo. Na sisi Mwanza tuuze hewa ya ziwa. Chuo kipime, kiwanda kilipwe, tugawane. Tena nasikia Ulaya wanaweka kodi ya kaboni mpakani, minofu isiyo na cheti haiingii.

#22 HesabuKwanza
Taratibu mkuu.

Wilaya ya Tanganyika iko Katavi, si Kigoma. Kule na kwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, kinacholipiwa ni msitu usiokatwa. Ziwa hulikati, kwa hiyo hakuna cha kulipwa. Na biashara yenyewe ina kanuni zake tangu 2022, na kuna kituo cha taifa cha kaboni pale chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro. Huwezi kuamka asubuhi ukaanza kuuza hewa.

Kodi ya Ulaya ya mpakani kuanzia Januari 2026 inahusu saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Samaki hayumo.

#23 Biashara_ya_Hewa
Hayumo LEO.

#24 Mstaafu_Maabara
Niingie hapo kwa Ulaya. Nilikuwa kwenye mambo ya ubora wa samaki mwishoni mwa miaka ya 1990, soko lilipofungwa: mara kipindupindu, mara 1999 ikawa sumu ya kuvulia. Ndani ya miezi viwanda vyote vya ziwa hili vilibadilika. Vigae vyeupe ukutani, buti, maabara, daftari la joto la kila boksi, mialo ikawekewa sakafu. Vitu tulivyoviomba miaka kumi vilikuja kwa barua moja ya mnunuzi.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, si chuo wala kodi. Siku mnunuzi wa Rotterdam atakapouliza "kilo hii ya minofu imetoa kaboni kiasi gani?", yule mhasibu atakuja mwenyewe na mpira mkononi.

#25 Mhadhiri_Mchovu
Mzee wangu Mstaafu, shikamoo. Lakini siku hiyo ikifika, nani atajua kupima? Mkianza kutafuta mtu siku barua imefika, mtalipa mshauri kutoka nje kwa dola.

#26 Mstaafu_Maabara
Marahaba. Hata wakati ule tulilipa kwa dola. Ndivyo tulivyojifunza.

#27 HesabuKwanza
Fundi, nirudi kwenye chumba chako namba 3. Ulishawahi kuziba hata kwa muda?

#28 FundiBaridi
Niliziba kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nikaupasua kwa urefu, nikaubana na skrubu na kibati. Kabla ya hapo kompresa ilikuwa inapumzika dakika kama kumi kwa kila saa. Baada ya kuziba ikawa inapumzika ishirini na tano. Ilidumu wiki tano, maji ya chumvi na toroli vikaung'oa.

Mota ni ya kilowati 22.

#29 HesabuKwanza
Basi ulikuwa unaokoa robo saa kila saa. 22 mara 0.25 mara 24 ni uniti 132 kwa siku. Kwa mpira wa baiskeli!

#30 Volti_Igoma
Hesabu leo umekosea kidogo. Mota ya 22 haivuti 22 muda wote, iko kwenye mzigo wa kati. Weka 16. Inakuwa uniti 96. Bado ni nyingi.

Ila hapo umeokoa hela zaidi ya hewa ya ukaa. Bwawa la Nyerere lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115, na bwawa la Rusumo tunagawana megawati 80 na Rwanda na Burundi. Umeme wa gridi sasa mwingi unatoka kwenye maji. Moshi wako uko kwenye zile saa ambazo umeme umekatika na jenereta inanguruma.

#31 HesabuKwanza
Nimekubali 96, asante Volti.

Na nitaongeza ambalo hakuna aliyelitaja. Fundi, vyumba vidogo na mashine ya barafu mnatumia gesi gani?

#32 FundiBaridi
Friza kubwa ni amonia. Vyumba vidogo na barafu bado R22, ile gesi ya friji ya zamani. Mwaka jana niliongeza mitungi minne, ile ya kilo 13.6. Kuna mahali inavuja, nimepaka sabuni viungo vyote sijapaona.

#33 Kigoto_Moja
R22 inaharibu ozoni hiyo. Haihusiani na joto la dunia. Shule ya msingi tulifundishwa.

#34 HesabuKwanza
Inafanya yote mawili, Kigoto. Kilo moja ya R22 ikienda hewani inapasha dunia karibu mara 1,800 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Mtungi mmoja wa kilo 13.6 ni kama tani 24 na nusu. Mitungi minne ni karibu tani 98. Kufikisha hiyo kwa dizeli lazima uchome zaidi ya lita 36,000. Amonia yenyewe haina tatizo hilo, tatizo lake ni ikikupata puani.

Na nchi zetu zinatakiwa kuwa zimeacha karibu R22 yote ifikapo 2030. Kwa hiyo bei ya huo mtungi itazidi kupanda.

#35 FundiBaridi
Lita 36,000? Jenereta letu halifiki huko kwa mwaka.

Sasa nimekaa nawaza. Lile dodoso la vijana lilikuwa na maswali arobaini. Swali la gesi ya friji halikuwepo. Swali la 14 nalikumbuka: "Je, kiwanda chenu kinapanda miti?"

#36 Mhadhiri_Mchovu
Hilo dodoso nadhani nalijua lilikotoka. Lilitafsiriwa kutoka la nchi nyingine. Nisiseme zaidi.

#37 Mtembezi_wa_Denmark
Mnaotaka mfano wa nje, someni Kalundborg, mji mdogo wa bandari Denmark. Tangu 1972 viwanda vinauziana mabaki: kiwanda cha mafuta kilimpa jirani gesi, kituo cha umeme kilitoa mvuke na majivu, maji yakazunguka. Haukuanzishwa na chuo wala serikali. Wasomi walikuja baadaye kuuandika.

#38 MamaDagaa
Mbona hata sisi tunayo? Minofu inaenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya ndani, yanaenda China, mafuta yanakamuliwa, mapanki, yale mabaki ya kichwa na mgongo, tunakaanga tunakula, mifupa inasagwa chakula cha kuku. Kwa sangara hakitupwi kitu labda macho. Tatizo letu mapanki tunayakaangia kuni.

#39 Mtembezi_wa_Denmark
Mama umenimaliza. Wabeja.

#40 Binti_wa_Klampu
Samahani, nimetumiwa uzi huu na rafiki. Nadhani mimi ndiye yule wa karatasi mlangoni.

Kaka Fundi, shikamoo. Ripoti ina kurasa 61. Mlango wako uko ukurasa wa 38, na mchoro nilichora mwenyewe. Msimamizi alitaka niutoe, akisema ni suala la matengenezo, si la kisayansi. Niliubakiza kwa kubembeleza. Nakala moja tuliipeleka kiwandani kwenu wenyewe kwa miguu, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Picha ya muhuri ninayo.

Swali la 14 na mimi lilinikera. Swali la gesi hatukulijua, klampu haipimi gesi. Klampu yenyewe tuliazima VETA, ilikuwa na masharti ya kurudishwa Ijumaa, ndiyo maana tulikimbia.

Sasa hivi nina kibanda cha miamala Buhongwa.

#41 Kigoto_Moja
Hii sasa ni chai au? Uzi mzima halafu mhusika anaibuka?

#42 Binti_wa_Klampu
Nilikuwa nimevaa buti za kaka Fundi, namba 43, zikanivuka kwenye maji ya friza. Amwulize kama ni chai.

#43 FundiBaridi
Si chai. Ni yeye. Tena alicheka mwenyewe.

Marahaba mdogo wangu. Kumbe ripoti iko ghorofani kwetu na mimi nalaumu chuo!

#44 Mhadhiri_Mchovu
Chuo mlaumuni kidogo. Aliyechora ule mlango anauza vocha.

#45 Volti_Igoma
Na kiwanda nacho. Mtu mwenye jicho la kuona upenyo kaja getini kwa miguu yake mara mbili, hakuna aliyemuuliza anatafuta kazi.

#46 Nyamagana_Mjini
Au hakuna wa kulaumiwa, ni hela tu. Kule Wales hela ya Ulaya ilipokatika, wenye uzamivu wao pia walitawanyika. Mjukuu si kasema hapo #14?

#47 Mjukuu_wa_Nansio
Nilisema. Ila hata waliotawanyika, wengine wamechukuliwa na viwanda vile vile. Hapo tunatofautiana.

#48 FundiBaridi
Mrejesho. Leo nimepanda juu nikamuuliza dada wa mapokezi. Anasema bahasha zote za vyuo zinaenda kwa afisa utumishi. Aliyekuwepo kipindi hicho alihamia Dar. Kabati lake lipo, ufunguo aliondoka nao. Fundi seremala anakuja Jumatatu.

Uvujaji wa R22 nimeupata. Ulikuwa kwenye kiungo nyuma ya feni, chumba namba 3 hicho hicho. Ile barafu ya kizingitini ilikuwa imesukuma fremu, fremu ikabana bomba.

#49 HesabuKwanza
Kwa hiyo mpira wa mlango ndio uliomwaga gesi?

#50 FundiBaridi
Inaelekea. Au bomba lilifungwa vibaya tangu mwanzo, aliyelifunga hayupo wa kuulizwa.

#51 Duka_la_Nyakato
Mkuu Fundi, mpira wa mlango ninao, ule wa sumaku na wa kawaida. Mlango una unene gani, na ni wa kuteleza au wa bawaba? Mita sita naweza kukupa nusu sasa, nusu robo ijayo.